Nailoni Kwenye Kioo cha Kompyuta

Nilirekebisha gama ya kioo cha kompyuta yangu, yaani mwanga wa rangi zake, bila kubandua nailoni ambayo kilitoka nayo dukani. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke, tuendelee.

Kwetu hapa Ruangwa kitu kipya hakivuliwi nguo ovyo. Rimoti ina nailoni, kochi lina nailoni, na friji ya jirani yangu bado ina stika ya dukani mlangoni. Nailoni ikitoka, upya nao umetoka. Kioo changu kilikuwa kipya kwa miaka kadhaa.

Mimi ni mtu wa ndani. Kwenda sokoni kwangu ni safari ya kuaga watu. Kazi yangu ni kusafisha picha kwenye kompyuta, sebuleni. Kisha natuma flashi kwa bodaboda hadi studio moja Nachingwea, zinachapwa, zinarudi. Kwa hiyo jirani, mama wa makamo ninayemsikia hata akikoroga chai, aliponiletea picha ya marehemu mama yake, nilimwambia amefika penyewe.

Picha ilikuwa ndogo, imefifia. Marehemu huyo alitoka Msumbiji akiwa msichana, na usoni alikuwa na chale za Kimakonde, mashavuni na kwenye paji. Jumamosi mdogo wa jirani alikuwa anavuka kwenda huko kutafuta ndugu ambao hawajawahi kuonana nao.

"Jina alilotumia huku, kule hawalijui," jirani alisema. "Watamjua kwa uso. Chale zionekane."

Kwenye kioo zilionekana vizuri kabisa. Picha iliporudi kutoka Nachingwea, uso ulikuwa kama kitako cha sufuria.

"Hapa naona kilemba," jirani alisema. "Mama yuko wapi?"

Nikalaumu wino wa studio. Nikampigia fundi wao, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kioo chako kinakudanganya, kaka. Rekebisha gama."

Gama ndiyo inayoamua rangi za katikati, zile zisizo nyeusi wala nyeupe, ziwe na mwanga kiasi gani. Alinitumia picha ya kupimia: mraba wa kijivu katikati ya mistari myembamba myeusi na myeupe. Unakaa mbali, unakodoa macho kidogo, unasogeza gama mpaka mraba umezwe na mistari. Mraba wangu ulikuwa mweusi mno. Nikaupandisha, nikaupandisha tena, nimekodoa macho kama mtu anayekatiwa vitunguu usoni, mpaka ukapotea. Nikajiona mtaalamu. Nikaisafisha picha upya, nikatuma.

Ikarudi nyeusi kuliko ya kwanza.

"Sasa hata kilemba kimeondoka," jirani alisema.

Ijumaa asubuhi alikuja na kigoda chake, akaketi nyuma yangu kunisimamia. Nikamfungulia ule mraba, nikamweleza mambo ya gama kwa upole, kama mwalimu. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama katikati ya kioo.

"Hapa pana mafuta," alisema.

Kweli yalikuwepo. Kila mteja akija hujionyesha mwenyewe kwa kidole, "huyu ndiye mimi," na kidole kimetoka kwenye korosho za kukaanga. Vidole vyote hivyo vilitua katikati, mahali penyewe unapokaa mraba. Jirani alipasugua hadi pembeni, ukucha ukakamata ukingo wa nailoni, akavuta. Ililia kwa muda mrefu. Nikashika ukingo wa meza.

Chini yake kulikuwa na kioo ambacho sijawahi kukutana nacho. Ule mraba niliouhangaikia, kumbe ulitiwa giza na mafuta tu, ulikuwa unang'aa kama taa ya pikipiki. Nikaushusha mpaka ukamezwa na mistari, safari hii kweli. Kisha nikafungua picha ya mama, na kwenye kioo akatokea jinsi nilivyokuwa namtuma siku zote: mweusi, hana uso. Mwanga wote ulikuwa wa kioo, si wa picha.

Nikaanza upya, taratibu. Chale za shavu la kulia zikaja, halafu za kushoto, halafu za kwenye paji.

"Utotoni nilikuwa nazipitishia kidole mpaka nasinzia," jirani alisema.

Alasiri bodaboda alileta picha. Jirani aliisogeza mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole kwenye karatasi, shavu moja, kisha la pili. Nikasubiri shukrani.

"Ndiye," alisema. Akaifunga kwenye ncha ya kanga, akasimama, akaitazama ile nailoni sakafuni. "Na godoro lako, jirani, bado unalalia nailoni?"