Akoru na Chupa Zilizonukia Moshi

Jua ndiyo kwanza linachungulia Kakuma, na Akoru Ekiru ameshafika kwenye kisima cha pampu na kisanduku chake cha barafu. Wanawake kwenye foleni wanampisha. Wanamtania kwamba bibi harusi wa maji amekuja tena.

Anasuuza chupa ya kioo mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, anajaza, anafunga, anaandika saa. Basi.

Akoru, mama wa watoto watatu, hukusanya sampuli za watafiti wanaosoma mwamba wa Turkana bila kuuchimba. Maji yakipita chini ya ardhi hubeba chembe za miamba. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, na unywele mmoja una upana wa nanomita zipatazo elfu themanini. Kazi humpa shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi.

"Mtu akiniuliza nabeba nini, nasema nabeba kitu haionekani," anasema, akicheka.

Mwaka jana nusura kitu hicho kimtoe kazini. Picha za hadubini zilirudi kutoka Nairobi zimejaa chembe za masizi. Masizi, jamani, kutoka mita themanini chini ya ardhi! Kamati ya kisima ikaogopa sumu, ikatia pampu kufuli. Familia mia mbili zikarudi kufukua maji katika mchanga wa laga, mto uliokauka, na foleni ikawa ya tangu alfajiri hadi mchana.

Chepkemoi, mtaalamu wa maabara mjini Lodwar, alipompigia simu na kutaja masizi, Akoru alizigeukia chupa zake. Alijua yalikotoka.

Kwa Waturkana, chombo cha maziwa hakijawa safi mpaka kifukizwe kwa kijiti kinachofuka moshi. Akoru alipokabidhiwa chupa na kuambiwa ziwe safi kabisa, alizifukiza zote, moja baada ya nyingine, kwa heshima zote.

Angeweza kunyamaza. Lakini mficha uchi hazai, na kila alipopita laga aliwaona wenzake wamepiga magoti mchangani. Alipanda gari hadi Lodwar, akasimama mbele ya meza ya Chepkemoi.

"Daktari, moshi ni yangu. Kisima haina makosa. Kama ni kufukuza, fukuza mimi, lakini fungua maji."

Chepkemoi alicheka mpaka akafuta machozi. Kwao Bomet, alimwambia, mama yake hawezi kutia maziwa katika kibuyu kisichopakwa mkaa. "Mama, hata mimi ningefukiza," alisema. "Kosa ni letu. Hatukukueleza usafi wa hadubini ukoje."

Walichukua sampuli upya, wawili pamoja. Baada ya siku kumi majibu yalirudi: udongo mfinyanzi, chuma kidogo, masizi hakuna. Siku kufuli lilipotoka, wanawake walimmwagia Akoru ndoo nzima kichwani, naye akacheza akiwa amelowa chepechepe. Furaha ya siku ile bado inamjaa usoni anapoisimulia.

Kazi alibaki nayo. Sasa ndiye anayewafundisha wakusanyaji wapya, na mwezi Agosti watafiti watampeleka Nairobi, mara yake ya kwanza, akaangalie kwenye hadubini.

"Miaka miwili nabeba hizo chembe, na sijawahi kuonana nazo," anasema. "Nikirudi, wenzangu wataniuliza maji yetu iko na nini. Nataka nijibu kitu nimeona, si kitu nimeambiwa."