Nzuri ya Salamu

Mimi Minza sina mdomo wa kuficha, na leo najisema mwenyewe. Miaka mitatu nimemwita mke wa mwanangu Dastan mvivu. Wilhelmina huyo, binti wa watu wa Ipililo, alikuja kwetu Zagayu na mikono ya kazi, kisha baada ya uzazi wa pili akaanza kulala mchana. Nikasema kwa sauti, majirani wasikie: ng'ombe wa mahari tuliotoa wameliwa bure!

Hospitalini, vipimo vya damu na picha havikuonyesha kitu. Ndipo akaunganishwa na Daktari Novatus wa Mwanza, anayeongea kwa simu na wagonjwa wa maumivu na uchovu usioisha, mara moja kwa mwezi. Simu ya tachi ninayo mimi, na mtandao unashika uani kwangu tu, karibu na zizi. Kwa hiyo kila miadi ilifanyika mbele ya macho yangu.

"Habari yako, Wilhelmina?"

"Nzuri."

"Unaendeleaje?"

"Vizuri tu, daktari."

Mara ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu daktari akafurahi. "Basi kama uko vizuri, tusimamishe dawa nilizokuandikia, na leo tufunge miadi. Nafasi yako nimpe mgonjwa mwingine."

"Sawa," akasema Wilhelmina, akiwa amekamata ukingo wa kigoda kwa mikono miwili.

Weee! Nikanyakua simu. Msinisifu, haikuwa huruma. Nilitaka daktari ajue mzigo tulionao.

"Daktari, usidanganywe! Hiyo nzuri ni ya salamu. Huku kwetu hata mwenye matanga ukimsalimia anaitikia mhola, salama. Huyu hafanyi kazi! Akipalilia mistari miwili ya pamba, siku mbili haamki. Ndoo inamponyoka mkononi. Asubuhi hawezi kumfunga mtoto vifungo mpaka jua lipande. Anaanza neno, analisahau katikati. Analala usiku mzima, anaamka amechoka kuliko alivyolala!"

"Endelea, mama," akasema daktari. "Naandika."

"Unaandika uvivu?"

"Naandika ugonjwa wake. Miezi mitatu nautafuta, wewe umenipa kwa dakika moja."

Jamani! Yote niliyokuwa nikimtukania, kumbe nilikuwa nasoma cheti chake cha hospitali.

Daktari akasema dawa haziachwi na miadi inaendelea. Kisha akaomba Wilhelmina apewe simu, akamuuliza, "Kwa siku nzima, kitu gani kinakuumiza kuliko vyote?"

Wilhelmina akanitazama, akatazama chini.

"Kupiga magoti," akasema. "Asubuhi, nikienda kumsalimia mama."

Miaka mitatu! Kila siku alikuja mlangoni kwangu, akashuka taratibu, nami nikisema moyoni, mtazame anavyojivuta. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake akaja kama kawaida. "Mwangaluka, mayu," akasema, salamu yetu ya asubuhi kwa mama, akaanza kuinama.

"Simama hapo hapo!" nikafoka, maana kusema polepole sijui. Maskini, akashtuka, akadhani nimeikataa salamu yake. Nikamsogezea kigoda changu.

"Keti. Umeamkaje?"

"Mhola, mayu."

"Hiyo ya salamu nimeipokea. Sasa nijibu."

Akakaa. Akayashika magoti yake.

"Yanauma, mayu," akasema. "Yanauma sana."

Nikakaa chini, pale pale alipozoea kupiga magoti, nikamwambia anieleze yote tangu mwanzo.