Mama wa gari jekundu la mbio

Jamani, leo nimeachwa mdomo wazi hapa Nalufenya!

Nimeegesha lori langu, safari ya Mbale, mara gari jekundu la mbio likasimama nyuma yangu. Nikashuka haraka nilipige picha.

Akatoka mama Mhindi wa miaka kama sabini, na sari yake.

"Mama, naomba nione injini."

"Utaiona. Ila kwanza nisaidie nipande lori lako. Marehemu mume wangu aliendesha kama hili, na hakuniruhusu nishike usukani hata siku moja."

Nikampandisha. Akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Sasa lipi zuri, mama?"

"Langu lina kasi. Lakini kumbe mume wangu, huku juu, alikuwa anaona mbali hivi!"

Akashuka akifuta macho, akanifungulia boneti. Nikainamia ile injini.

Nyinyi mngemwambia nini?