Kitambaa Juu ya Mashine ya Simu

Ndugu msomaji, mimi niliyeanza na mtumbwi mmoja nikafika kupeleka minofu ya sangara Ulaya, nani anifundishe kutunza mali? Fundi alipomaliza kufunga mashine inayoendesha simu zote za intaneti ofisini kwangu Ilemela, niliifunika kwa kitambaa alichofuma mke wangu, kama redio ya sebuleni. Chumba nikakifunga, ufunguo nikauvaa shingoni.

Siku ya mnunuzi kupiga simu kuagiza mzigo, laini zote zikakatika. Nikamwita fundi, nikamfungulia huku namfokea mbele ya wafanyakazi: “Umenifungia mashine mbovu!”

Akaigusa, akarudisha mkono haraka. “Mzee, shikamoo. Imezimwa na joto. Nani kaivalisha sweta?”

Wafanyakazi wote wakautazama ufunguo shingoni mwangu.