Nilijua Cheni Imekwisha, Nikasema Gari Iko Vizuri

Nilidanganya. Naanza na hilo kwa sababu nikizunguka nitaishia kujitetea, na mimi sina cha kujitetea. Nilisema uongo asubuhi, na kabla jua halijafika utosini mke wa mtu alikuwa amekufa.

Jina langu usiniulize. Mimi ni mtu wa Kyerwa, huko kupita Nyakatuntu, na hilo linatosha. Wa kwetu wakisoma watanijua, na wanijue tu! Wewe nisikilize kama mtu aliyekaa nami jikoni, maana mke wangu amechoka kunisikia.

Kijiji chetu kiko juu ya kilima. Barabara ya changarawe iko kilima cha pili. Katikati kuna bonde la mafunjo, na masika ikiingia bonde hilo halina rafiki. Pikapu yangu ilikuwa inazama mpaka milangoni. Kahawa na ndizi za watu zinaningoja, nami nazitazama tu kama paka aliyefungiwa nje.

Wagonjwa je? Wagonjwa walikuwa na machela. Kwetu kila nyumba inatoa mtu mmoja. Filimbi ikilia unaacha jembe, unaacha sahani, hata kama uligombana na mgonjwa mwenyewe jana yake. Mnapokezana mabega, mnavuka bonde kwa kidaraja cha magogo ambacho gari haliwezi kupita, na baada ya saa moja hivi mgonjwa yuko barabarani anasubiri gari la kituo cha afya. Asiyetokea anatozwa mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Asiyetokea mara tatu, siku akiugua yeye, atajua mwenyewe atafikaje. Machela yenyewe ilitunzwa nyumbani kwetu tangu enzi za marehemu baba.

Sasa akaja mwekezaji mmoja kupima mabonde. Alikuwa na gari ambalo badala ya tairi lilikuwa na cheni za mpira. Sijui kama umewahi kuziona. Unafungua tairi zote nne, na mahali pa kila tairi unafunga chuma cha pembetatu chenye vigurudumu vidogo, kimezungukwa na mkanda mpana wa mpira, kama wa buldoza lakini mpira mtupu. Lilikuwa linapita juu ya tope kama bata! Nilisimama kando ya bonde nikalitazama mpaka mate yakanijaa mdomoni.

Mwekezaji mambo yalimshinda, akaondoka. Cheni nikazinunua mimi.

Dereva wake aliyenifungia alinionya, na maneno yake ninayo kichwani mpaka leo. "Mzee, hizi ni za matope. Barabara ngumu ni pafupi tu, tena polepole. Mpira unapata moto, meno ya ndani yanang'oka. Ukitaka safari ndefu, rudisha tairi."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Akili yangu ilikuwa tayari iko bondeni.

Jamani, sifa! Siku ya kwanza nilivuka bonde lile huku watoto wanapiga vigelegele na wazee wamesimama midomo wazi. Gari likapewa jina la Kifaru. Nikawa napishwa hata kwenye benchi la kanisani. Mwezi haukuisha, chama cha machela kikakaa kikao, na mimi nikasimama, bega juu.

"Waitu, ndugu zangu, tutaendelea kubebana kama mikungu ya ndizi mpaka lini?" nikawaambia. "Gari lipo. Mgonjwa akipatikana niiteni mimi, bure. Haya mambo ya filimbi tuwaachie waliokufa."

Wakacheka, wakapiga makofi. Nani hapendi kupumzisha bega? Aliyenyoosha mkono ni Mujuni peke yake, jirani yangu ambaye shamba lake na langu vinagusana. Mujuni si msemaji. Alisema, "Na gari ikiharibika?"

"Ikiharibika nitasema," nikamjibu. "Kwani mimi ni mtoto?"

Chama kikafa siku hiyo bila hata kuagwa. Ile miti miwili mirefu ya machela niliichukua nikaegemezea migomba yangu iliyokuwa imelemewa na mikungu. Mke wangu aliniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia miti ni miti.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, siwezi kukataa. Nilivusha mzee mwenye pumu, nikavusha mtoto aliyevunjika mguu. Kila mara nilirudi nimevimba kichwa zaidi.

Halafu ikaja safari ndefu ya kwenda Bugene. Binti wa dada yangu alikuwa anatolewa mahari. Kurudisha tairi ni kazi ya nusu siku, na jeki, na watu wawili wa kusaidia kunyanyua. Lakini nisikufiche, sababu haikuwa uvivu. Nilitaka watu wa Bugene walione! Nikaenda na cheni zangu barabara nzima, changarawe na lami, mguu uko chini. Waendesha bodaboda walisimama kando kunipigia picha. Pale kwenye shughuli wakwe walitoka nje kutazama gari kabla hata ya kumtazama binti. Dada alinuna, nami sikujali.

Wakati wa kurudi nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Nikafungua kioo ili itoke.

Nilipofika nyumbani jioni nikainama kwenye cheni ya nyuma, kushoto. Nikaingiza mkono kwa ndani. Meno yalikuwa yamelegea kama ya mzee. Vipande vitatu vilibaki kiganjani mwangu, bado vina joto. Nikageuka kuangalia kama kuna mtu ameniona. Hakukuwa na mtu. Nikavitupa migombani na kuingia ndani kula.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niliona aibu, basi! Nilisikia vicheko vyao kabla hawajacheka. Nilijiambia nitarudisha tairi kesho taratibu, na wakiuliza nitasema nafanya usafi.

Kesho yake saa mbili asubuhi Mujuni akaja anakimbia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mke wake, nitamwita Koku, alikuwa na mimba ya tatu. Uchungu ulianza alfajiri na damu ilikuwa inatoka kuliko kawaida.

Mujuni hakusalimia. Alisimama mbele ya Kifaru, akalitazama, akanitazama mimi.

"Gari iko vizuri?"

Ndugu yangu, hapo ndipo. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi, na mwenye nyumba ameushika kabisa ili nipite. Tena akaongeza, "Kama ina shida niambie, nipige kelele watu waje. Bado wako majumbani."

"Iko vizuri," nikasema. "Watu wa nini? Mlete mama."

Tukamlaza nyuma kwenye godoro, juu tumefunga turubai. Mama yake Mujuni akapanda kukaa naye. Mujuni akakaa mbele na mimi. Nilishuka kilima polepole, natega sikio upande wa kushoto. Nikamwomba Mungu aniazime cheni hiyo dakika ishirini tu. Unaona mtu alivyo mpumbavu? Mungu nilimkumbuka, watu sikutaka kuwaita!

Katikati ya bonde nikasikia mlio kama turubai linachanwa. Gari likayumba, likalalia ubavu wa kushoto. Nilikanyaga mafuta, vigurudumu vikazunguka vitupu na tope likaruka mpaka kwenye kioo. Nikashuka. Mkanda wa mpira ulikuwa umechomoka wote, unaelea nyuma yetu kwenye mafunjo.

"Nini?" Mujuni akauliza.

"Imechomoka."

 Alivua viatu akaanza kukimbia kurudi kilimani, anaanguka, anainuka. Nilimsikia akipiga mayowe mpaka sauti ikapotea. Lakini ilikuwa siku ya mnada. Waliokuwa na mbuzi walikuwa wameshaondoka, na wengine walikuwa mashamba ya mbali wanachuma kahawa. Hakuna aliyekuwa amekaa kusikiliza kama kuna wito, kwa sababu mimi niliwaambia wasisikilize tena.

Nikabaki na wanawake wawili na mvua.

Bibi alifanya anachokijua. Mtoto alizaliwa mle nyuma ya pikapu, wa kike, akalia. Nilimsikia nikiwa nimeshika turubai nje lisipeperuke, nikasema asante Mungu, yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Damu haikukoma. Bibi alivua kanga yake, akavua na gauni la juu, akakandamiza, huku anamwita mkwewe kwa Kinyambo kama anavyoitwa mtoto anayesinzia.

Koku akauliza kwa sauti ndogo, "Tumefika barabarani?"

Nikajibu, "Karibu."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Alikufa akiamini tuko karibu.

Watu walikuja mwishowe, tena wengi kuliko nilivyostahili. Lakini walipokusanyika walitafuta machela, na machela haikuwepo. Mke wangu ndiye aliyekimbilia shambani akang'oa ile miti kwa mikono yake, na mikungu ikaanguka chini. Wakafunga blanketi. Walipotufikia bondeni, saa tano ilikuwa imepita. Walimbeba Koku, bado anapumua ila hajitambui, wakavuka kidaraja, wakaanza kupanda. Nusu ya mlima bibi akawaambia wamshushe. Akamfunika uso mwenyewe.

Jamani, subiri nikuambie kilichoniua mimi. Msibani, mbele ya mchungaji na kijiji kizima, Mujuni alisimama kushukuru. Akanishukuru mimi! Alisema jirani yangu alijitahidi, chombo ni chombo, siku ya mtu ikifika imefika. Watu wakanigeukia kwa huruma. Kuna mama alinishika mkono. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye uchungu, na kweli nilikuwa na uchungu, lakini si ule waliodhani.

Miezi ikapita. Nilirudisha tairi. Gari sikuligusa isipokuwa kwa shida. Mke wangu nilimweleza, naye akasema, "Hayo usiniambie mimi. Mwenye haki ya kuyasikia unamjua."

Sikwenda! Nilikuwa namwona Mujuni kila siku ng'ambo ya migomba, na sikwenda.

Kilichonipeleka ni yeye mwenyewe. Alikuja na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kanga kama mwanamke, akaniomba nisimame kama baba wa ubatizo wa binti yake. Alisema nilikuwa mwanamume wa kwanza kusikia sauti yake duniani. Nilikubali kwa mdomo. Lakini nilipofikiria kwamba nitaulizwa maswali mbele ya madhabahu, huku nimemshika mtoto yule, nikaona sitaweza. Alhamisi nikaenda kwake.

Nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Nikamweleza yote. Bugene, harufu, vipande vitatu, na kwamba alipouliza nilikuwa najua.

Aliendelea kugeuza kahawa mpaka mwisho wa mkeka. Halafu akauliza, "Siku ile nilikuja kwako saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili watu walikuwa bado hawajaenda mnadani," akasema.

Basi. Akakusanya kahawa yake, akaingia ndani. Kwenye ubatizo alisimama mtu mwingine.

Chama cha machela kimerudi. Kikao cha kwanza kilifanyika kwa Mujuni, na machela mpya inakaa kwake. Nilikwenda, kwa sababu kila nyumba inatoa mtu. Mujuni akasimama, akasema nilichofanya, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akasema, "Mama yake tutambeba. Mke wake tutambeba, watoto wake tutawabeba. Yeye ana gari."

Hakuna aliyepinga, na mimi sikupinga.

Sasa filimbi ikilia natoka mbio, nafika kabla ya wote. Wananiambia nitangulie kufyeka nyasi njiani. Nafyeka. Nikirudi nyuma kuomba kupokea mti, aliyeushika anauhamishia bega lake lingine. Mgonjwa aliye juu ya machela hajui chochote, lakini mimi najua.

Ninyi wenye magari, pikipiki, trekta, ninyi mnaotegemewa na kijiji, nawaomba kwa machozi! Mtu akikuuliza kama chombo kiko salama, hakuulizi akusifu. Anataka kujua kama awaite watu wengine. Mwambie ukweli hapo hapo, hata kama jana ulitamba. Watakucheka wiki moja, watasahau. Mimi hawakunicheka hata kidogo, na natamani wangenicheka.

Na ninyi wanakijiji, mwenzenu akipata kitu kipya mpongezeni, kipandeni, lakini machela msiitupe. Kaeni nayo hata kama inaota ukungu. Akisimama mtu kwenye kikao, bega juu, akawaambia mambo ya filimbi yamepitwa na wakati, mzomeeni mpaka akae chini.