Usipa Wasio na Vichwa

Mimi si mtu wa kusitasita. Nilipokuwa mtumishi wa kilimo wilayani Mbinga, wakubwa zangu walilalamika kwamba barua zangu ziliwatangulia ofisini, na wakulima walilalamika kwamba pikipiki yangu iliwakuta bado wanakunywa uji. Wote walisema kweli. Wakaniita Bibi Shamba, nami nilikiitikia cheo hicho kana kwamba hakuna kikubwa zaidi yake.

Sifa yangu ya kwanza ilikuwa panya. Kuanzia Kitura mpaka Litumbandyosi, kila mwenye ghala la mahindi alijua kwamba nilikuwa nimewapunguzia wale maadui. Nilizunguka na ubao, chaki na chupa ya dawa ya kahawa, ile sumu ya wadudu wa mibuni, nikafundisha kwenye viwanja vya shule. Hilo nalitaja mapema kwa sababu mwenyewe nililisahau upesi mno.

Kazi ya ndege haikuwa yangu. Afisa wa wanyamapori alihamishwa, mwingine hakuletwa, na faili lake likawekwa mezani kwangu “kwa muda”. Aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua neno hilo lina urefu gani. Ndani ya faili nilikuta pete nyepesi ya bati yenye namba, ambayo mwalimu mmoja wa Lituhi aliiona shingoni kwa mwanafunzi ikiwa imefungwa kwa uzi. Niliandika kwenda Ulaya, kwa anwani iliyochorwa juu yake. Baada ya miezi mingi nikajibiwa kwamba pete ile ilivishwa mguuni mwa korongo mweupe angali kinda, katika kiota kilichokuwa juu ya paa la kanisa. Wakamalizia kwa kuuliza, kwa adabu nyingi, ndege wao alikufa vipi.

Alikufa sufuriani. Lakini jibu hilo nisingeweza kulipigia muhuri wa serikali, kwa hiyo nikaamua kulifanyia kazi.

Korongo hawa huja kwetu na mvua. Utawaona kwenye tambarare ya Lituhi, pale mto Ruhuhu unapoingia ziwani, wakitembea taratibu kama wakaguzi wa shule. Viwavi jeshi wakitokea juu milimani, korongo hupanda mpaka kwenye ngoro, yale mashamba ya mashimo ya Wamatengo, na kuwala. Mkulima mwenye akili hamgusi. Zamani vijana wa ziwani walimpiga mmojammoja kwa jiwe au kwa mtego, na mambo yakaishia jikoni.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, ndiyo iliyobadilisha hali. Kabla yake, dawa ya kahawa ilitoka kwenye chama cha ushirika, ikipimwa na kutiliwa saini, na mtu alipewa ya mibuni yake tu. Ruksa ilipokuja, chama kikayumba, maduka yakafunguka, na dawa ileile ikauzwa Mbinga mjini kwenye chupa za soda, karibu na sabuni. Siwalaumu wenye maduka. Tulikuwa tumekaa miaka bila sabuni, sasa vyote vimekuja pamoja. Lakini ndani ya misimu michache watu walianza kuua ndege kwa sumu, si mmoja bali mafungu. Waliwakausha kwa moshi, wakawavusha ziwa kwa mitumbwi, wakawauza Malawi na Msumbiji kwa jina la bata. Waliokula waliharisha, wengine wakalazwa.

Nikatafuta wenzangu. Ng'ambo ya Malawi nilimpata askari wa wanyamapori, mtu mrefu, mcheshi, aliyejifunza Kiswahili kwa wafanyabiashara wa samaki na kukizungumza kama anayepatana bei. Upande wa Msumbiji, ambako watu walikuwa ndio kwanza wanarudi kutoka ukimbizini, nilimpata mwalimu mwanamke ambaye shule yake ilikuwa bado haina paa. Barua zetu zilisafiri kwa meli, mara nyingine kwa wauza samaki. Mkutano wetu wa kwanza ulifanyika Mbamba Bay, kwenye ukumbi wa parokia. Saa nzima ilikwenda katika kubishana nani awe mwenyekiti. Nikakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, ubishi ukaisha.

Pale ndipo kila mmoja alipotoa alichookota ufukweni kwake. Askari alifungua karatasi, mwalimu akafungua kitambaa, nami nikafungua mkebe. Tulikuwa na kitu kimoja: usipa, wale dagaa wa ziwa letu, waliolowekwa dawa ya kahawa na kutegwa kama chambo cha ndege. Na usipa wote, wa pande zote tatu, walikuwa wamekatwa vichwa.

Nilisimama. Nawaambia kweli, nilifurahi kama niliyepata barua ya kupandishwa cheo. Nikawaeleza kwamba nchi tatu haziwezi kuzusha mchezo mmoja kwa bahati tu. Yupo mtu mmoja, ana mkono mmoja, na hiyo ndiyo alama yake. “Kikulacho ki nguoni mwako,” niliwaambia. “Huyu mtu tunamfahamu. Labda tunamsalimia kila siku.” Askari alipiga meza kwa furaha. Usiku uleule niliandika waraka, nikaupeleka pande zote: atakayekutwa na usipa wasio na vichwa waliotiwa sumu, huyo ndiye kiongozi wa genge au mtu wake wa karibu. Askari wa ng'ambo, kwa kuuamini waraka wangu, alifunga soko zima la ndege wakavu, akagombana na nusu ya ukoo wake.

Haukupita mwezi, mtu akakamatwa.

Alikuwa mvuvi wa Lituhi. Walimshika ng'ambo akiwa na gunia la ndege na mkebe wa usipa. Nilipigiwa simu ya upepo kutoka Mbamba Bay, nikatembea ofisini siku nzima kifua mbele. Siku chache baadaye mke wake akaja. Alikuwa amepanda lori la samaki, mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi nje mpaka nilipomwita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umefuata habari za mume wako?”

“Ndiyo, mama. Ndege aliwachukua, sikatai. Hilo alipe. Lakini wamesema yeye ndiye mkubwa wa watu wote wa nchi tatu. Wamesema atafungwa miaka, kwa sababu ya barua iliyotoka kwako.”

Nikamwambia sheria ni sheria, na ushahidi wa vichwa hauna mjadala. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata.

“Mama, kukata vichwa ndilo kosa gani? Si kila mtu anakata?”

“Kila mtu nani?”

“Sisi tulionyeshwa na wauza mahindi wa Kitura. Wao wakishuka na mahindi wanapanda na usipa. Walituambia dawa haifanyi kazi vizuri ukiacha vichwa.”

Kitura! Nilimpa chai, nikavaa koti la mvua, nikawasha pikipiki. Njia nzima nilikuwa namkamata yule mkubwa wa kweli. Nilikuwa nimekwisha kuitunga barua ya pongezi ambayo mkuu wa wilaya angeniandikia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee mmoja mwenye kahawa na mahindi mengi, ambaye wanawe ndio waliokuwa wakishusha mahindi ziwani. Nilimkuta anaanika kahawa. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza habari za nyumbani, za ofisini, za mvua za Mbinga mjini, na mimi nikazijibu zote huku nikichemka. Mwishowe nikamuuliza nani amewafundisha watu wake kukata vichwa vya usipa.

Mzee aliangalia kahawa yake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kahawa.

“Mwanangu, unanipima?”

“Sikupimi, mzee. Nauliza.”

Akaniongoza mpaka kwenye ghala. Nyuma ya mlango, kwa chaki iliyofifia, paliandikwa maneno ambayo mzee aliyasoma kwa sauti ya kufundisha, kidole kikifuata mstari: “Panya hula kiwiliwili, huacha kichwa. Kichwa hunywa dawa bure.”

Sikuhitaji kuuliza tena. Ile “k” yenye mkia naifahamu, nimeiandika tangu darasa la pili. Miaka kadhaa nyuma nilisimama mbele ya mlango ule, nikaandika sentensi ile, watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeona panya wanaacha vichwa vya usipa wa chambo, nikapiga hesabu kwamba dawa inapotea, nikajiona nimevumbua. Wakati ule dawa ilikuwa ya kutiliwa saini. Mtu hakuwa na ya kumwagia ndege.

Niliketi juu ya debe. Nilikuwa na hasira, kwanza na mzee kwa kuwa na kumbukumbu nzuri, halafu na chaki, na mwisho, hakukubaki mwingine, na mimi mwenyewe. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

“Lakini panya wamekwisha,” mzee alisema. Nadhani alitaka kunifariji.

Njia za kunyamaza zilikuwepo. Mkubwa wangu alinionyesha ilivyo rahisi: waraka mwingine mfupi, wenye maneno kama “uchunguzi unaendelea”, na jina langu lisionekane popote. Mvuvi mwenyewe si malaika, alisema, ndege alikuwa nao. Kweli alikuwa nao. Lakini yule mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekuja ofisini kwangu kudai kitu kimoja tu, mumewe afungwe kwa alilolifanya na si kwa nililoliandika mimi, na kila nilipofumba macho nilimwona kwenye lile benchi. Nilipanda meli.

Mahakama ya ng'ambo ilikuwa chumba chenye joto na madirisha ya wavu. Askari mwenzangu alinipokea kama mgeni wa heshima, akanikalisha mbele, kwa sababu aliamini nimekuja kukaza ushahidi. Sikuwa nimemwambia. Niliogopa kwamba nikimwambia pembeni ningepunguza maneno.

Hakimu aliuliza, kwa kupitia mkalimani, kama mimi ndiye mwandishi wa waraka. Nikasema ndimi. Akauliza kama bado naamini kwamba akataye vichwa ndiye kiongozi.

“Ndiyo, mheshimiwa,” nilisema. “Kama ni hivyo, kiongozi ni mimi. Huyu kaka amejifunza kwa watu wa Kitura, na watu wa Kitura nimewafundisha mimi, kwa ajili ya panya.”

Mkalimani alinitazama kuhakikisha amesikia vizuri. Kisha akatafsiri, na chumba chote kikacheka. Karani naye alicheka, na mshitakiwa aliinua uso kwa mara ya kwanza. Asiyecheka ni askari mwenzangu peke yake. Nikaeleza yote, ubao, mlango, sentensi, biashara ya mahindi na usipa. Nilieleza nikiwa nimesimama wima. Kama ni kuaibika, nilitaka niaibike kwa sauti inayosikika mpaka nyuma.

Mvuvi alihukumiwa kwa gunia la ndege alilokutwa nalo: miezi michache, na mtumbwi wake ukazuiwa mpaka atoke. Lile la genge likafutwa.

Tulipofika gatini askari alisimama.

“Dada, nilifunga soko kwa barua yako. Shemeji zangu hawanisalimii.”

“Libaki limefungwa,” nikamwambia. “Ndege wana sumu, watu wanaugua, hilo ni kweli hata kama hakuna genge. Nimekosea mtu, sikukosea ndege.”

Aligeuza uso upande wa maji. Sijui alikuwa anameza hasira au kicheko. Alibeba kikapu changu mpaka kwenye meli.

Mkutano wetu wa pili ulikuwa mfupi. Nilimwachia mwalimu wa Msumbiji kiti, naye ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wawili hatukuliona. Somo moja la panya, alisema, lilivuka nchi tatu bila waraka, bila muhuri wala posho. Lilipitia njia gani? Tukamjibu: wauza mahindi wakishuka, wauza usipa wakipanda, mitumbwi ikivuka. Basi, akasema, na kulifuta kupite hukohuko.

Nikarudi na ubao wangu. Kitura nilifuta mlango wa mzee kwa mkono wangu, mbele ya watu, nikaandika upya kwamba dawa ya kahawa ni ya mibuni tu. Nilisema wazi kwamba Bibi Shamba alikosea, na hapo ndipo waliponisikiliza kuliko siku zote. Wengine walikuja kutoka Litumbandyosi kulisikia tu hilo. Niliwafundisha mitego na kofia za bati za kufunga nguzo za ghala. Mwenye duka wa Mbinga mjini, mtu ambaye babu yake alitoka Kilwa na ambaye hakuwahi kunipunguzia bei ya kitu chochote, alikubali kutouza dawa kwa chupa za soda isipokuwa kwa mkulima mwenye karatasi yangu. Alisema amechoka kuulizwa na mkewe kama kitoweo kimetoka ziwani na sumu ya dukani kwao. Wauza usipa walibeba habari ng'ambo, wakaitia chumvi njiani, na ilipofika Msumbiji ilikuwa kwamba mama mmoja wa Mbinga amejipeleka mahakamani kwa kuua panya. Haidhuru. Habari ilifika.

Mvua zilizofuata, korongo walikuja. Nilishuka Lituhi, nikatembea tambarare yote na buti za mpira, nikaokota mizoga. Ilikuwepo, lakini niliweza kuibeba peke yangu. Mwaka uliotangulia tuliijaza kwenye toroli.

Nilipotoka matopeni yule mama alikuwa ananisubiri karibu na pikipiki. Mumewe alikuwa amerudi, na mtumbwi pia. Hakunishukuru, wala mimi sikutegemea. Ni mimi niliyemkosesha usingizi kabla ya kumrudishia. Aliniamkia, akaning'inizia kikapu kwenye usukani, akaenda zake.

Nyumbani nilikifunua. Usipa wakavu, wa kung'aa, waliopangwa safu kwa safu kwa uangalifu wa mtu mwenye la kusema. Wote walikuwa na vichwa vyao. Niliwakaanga jioni ileile, nikala wote, na vichwa.