Kanvasi Zinazotazama Ukuta

Watu wengi wanadhani kanvasi huzaliwa dukani, nyeupe na imekaza, ikimsubiri msanii aje kujidai mbele yake. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka kaka yangu alipooa. Aliyenitoa ushamba ni wifi yangu, na hakunitoa kwa upole. Siku moja niliegemeza ndoo kwenye kanvasi iliyosimama ukutani. Alininyooshea kidole tu mpaka nikaiondoa, akaigeuza ile kanvasi, akainyunyizia maji mgongoni pale palipobonyea, akaiacha ikauke. Ilipokauka ilikuwa imekaza tena kana kwamba haijawahi kuguswa.

"Kitambaa kinasamehe," aliniambia. "Mimi sijui."

Kazi yake ilikuwa kuwaandalia wachoraji kanvasi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: meza ndefu, marobota ya kitambaa cha marekani, ndoo za gundi na chaki, vumbi la mbao hadi kwenye kope. Muuza vitambaa alikuwa akimwona tu anavuka barabara anaanza kuguna, kwa sababu alijua atayateremsha marobota yote. Wifi alishika pindo kwa vidole viwili, akalisugua, akalivuta kwa upana, kisha kwa urefu. Akikuta fundo kwenye uzi, anasukuma robota pembeni. Muuza vitambaa akambandika jina la Mama Uzi, na jina likaganda kuliko gundi yake.

Fremu alitengeneza kaka yangu, seremala. Nisimung'unye maneno: kaka yangu alimfuata mwanamke mwingine mtoto wao akiwa hajaanza hata shule, na mimi nikaamua kubaki upande wa wifi. Watu walishangaa. Mawifi wamezoeleka kwa kurushiana vijembe, na sisi tulirushiana kila siku ya Mungu, lakini tulikuwa tunavuta kitambaa pamoja. Ukivuta upande wako, mwenzako lazima avute upande wake kwa nguvu ileile, la sivyo kanvasi inakwenda upogo na msanii anakuja kukulaumu kwamba nyumba aliyoichora imelala.

Mtoto wao tulimwita Kibibi, maana tangu alipojua kusema alisema kama mtu mzima aliyechoshwa na watu. Alikuwa akinikuta nimekaa ananiuliza, "Shangazi, huna kazi?" Alifariki kwa homa iliyoanza kama mchezo, hata mama yake alimfunga kanga tumboni akaendelea kupiga msasa. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu ya baba yake. Tulipomtumia ujumbe atutumie, alijibu kwamba simu iliibiwa. Sikumjibu, kwa sababu majibu niliyokuwa nayo hayaandikiki.

Kwa hiyo ilibaki picha moja tu. Kulikuwa na mchoraji mmoja, mteja wa siku nyingi, tuliyemwita Mzee Rangi kwa jinsi alivyokuwa hakosi madoa ya rangi mwilini. Kibibi akiwa hai, mzee huyo alimkalisha juu ya ndoo kwenye kibaraza akamchora kwa rangi ya mafuta, amevaa gauni jekundu. Wifi ndiye aliyeandaa kanvasi yake, juu ya fremu ya mbao ngumu, nzito, ya mwisho aliyoitengeneza kaka yangu. Mzee Rangi naye sasa ni marehemu. Picha ilitundikwa chumbani kwa wifi, mbali na dirisha ili jua lisiile, mbali na upande wa jiko ili moshi usiizoee. Aliifuta vumbi kwa brashi kavu ya manyoya laini, na kila asubuhi aliisalimia kabla ya kunisalimia mimi.

Sasa nieleze jambo moja la karakana ile, maana bila hilo hutaelewa. Wachoraji hukosea kama watu wengine. Picha ikimshinda, msanii aliirudisha kwa wifi, na wifi, ambaye hakuweza kuona kitambaa kizuri kikitupwa, aliisugua yote kwa msasa, akaipangusa, akaipaka nyeupe upya. Ikawa kanvasi mpya, tena wengine waliipenda zaidi kwa sababu haivuti rangi ovyo. Ili zisichanganyike, alikuwa na sheria: picha ya kubaki inatazama watu, picha ya kupakwa nyeupe inatazama ukuta. Kila aliyeingia mle ndani aliijua. Hakuna msanii aliyewahi kuegemeza picha yake ikitazama ukuta halafu akaja kulalamika.

Mvua kubwa ilinyesha mchana mmoja nikiwa kwangu. Paa la chumbani kwake likavuja juu ya kitanda na juu ya picha. Aliitungua haraka, akaileta karakana ambako kulikuwa kukavu kidogo, akaiegemeza kwenye kona, palipokuwa na picha zilizorudishwa na wasanii. Huko nako kulikuwa na matone yanayoruka kutoka dirishani. Ili yasimpate mtoto usoni, aliigeuzia ukutani.

Nilifika asubuhi baada ya siku kadhaa, tulikuwa na kitambaa kipana cha kuvuta. Niliingia chumbani kuchukua koleo, nikaona msumari mtupu.

"Wifi, Kibibi umempeleka wapi?"

"Yuko hapo konani. Chumbani kulivuja."

Nikatazama kona. Kulikuwa na ufagio na kipande cha fremu.

"Hapa hayupo."

"Yupo. Tazama vizuri, au macho umeyaacha kwako?"

Alisema hivyo kwa utani, akaja mwenyewe. Hakuangalia kona. Alipapasa. Mkono ulipita ukutani, ukashuka, ukagusa ufagio, ukasimama. Kisha akageuka akaenda kwenye kanvasi zilizokuwa zinakauka upande wa pili, nyeupe zote, akaanza kuzinyanyua moja moja na kuzipima uzito mkononi. Ya kwanza akaiweka. Ya pili akaiweka. Moja ikamvuta mkono chini, akabaki ameishika.

"Hii nzito," alisema.

Nilimtazama, halafu nikaitazama ile kanvasi. Mtu anawezaje kumsugua mwanawe kwa msasa, akampaka nyeupe tabaka mbili, asimwone? Ndipo yote yakaniingia kwa mpigo. Yale mazoea yake ya kunitazama begani ninapozungumza, mimi nikadhani ni kiburi. Kumwaga gundi pembeni ya chombo na kulaumu chombo. Kukataa kuja kwangu peke yake, eti jua kali. Nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia anazeeka vibaya.

"Wifi, huoni?"

"Naona mwanga."

"Tangu lini?"

"Usianze."

"Tangu lini, wifi?"

"Lilianza jicho moja. La pili likalifuata." Alikuwa bado ameishika ile kanvasi kifuani. "Ningekwambia ungefanyaje? Ungenihamishia kwako ukanikalisha kwenye kiti. Na wasanii wangesikia. Nani anapeleka kanvasi yake kwa kipofu?"

Mficha maradhi kilio humuumbua. Nilikuwa nayo mdomoni hiyo methali, nashukuru niliimeza. Hasira zilinipanda, na chini ya hasira kulikuwa na woga ambao sijawahi kuusikia, hata siku tuliyomzika mtoto. Siku ile tulikuwa na uso wake.

"Nisikilize," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imepanda. "Rangi ya maji juu ya mafuta haishiki. Si wewe unayewatukana vijana kwa kosa hilo kila siku? Itabanduka. Tutaitoa taratibu."

"Haishiki kama hukusugua."

"Ulisugua?"

Nilijua jibu. Hakuna kanvasi iliyowahi kutoka mikononi mwake nusu nusu.

"Msasa gani?"

"Mpya," alisema, akakaa sakafuni.

Tuliilaza kanvasi mezani. Nilichemsha maji, nikatia sabuni kidogo, tukaanza pembeni kwa kitambaa laini, kila mmoja upande wake. Weupe ulilegea polepole, ukaanza kujikunja kwenye ncha za vidole vyangu. Chini yake pakatokea wekundu. Ulikuwa umekwaruzika, umepauka, lakini ulikuwa wekundu wa lile gauni, na mimi nikaanza kulia kama mjinga.

"Nini?" aliuliza. "Kuna nini?"

"Gauni, wifi. Gauni lipo."

Alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kilikuwa karibu na kukohoa. Alinishika mkono akaubana mpaka nikaumia. Tukaendelea. Tulipata upindo wote wa gauni na mkono mmoja hadi kwenye kiwiko. Tulikuwa tunaongea kwa kunong'ona, kana kwamba tukipaza sauti atarudi ndani.

Juu, kwenye uso, weupe ulikataa. Hapo ndipo alipopiga msasa zaidi. Uso una rangi nene, ni lazima uulainishe la sivyo mistari inajitokeza kwenye kanvasi mpya. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Maji hayakufua dafu, sabuni haikufua dafu.

"Lete tapentaini," alisema.

"Tapentaini inakula mafuta. Utamfuta."

"Kidogo tu. Kwa pamba."

"Tusubiri. Niende nimwite mchoraji yeyote, wapo wanaojua kusafisha picha."

"Nimwambie nini? Kwamba nimempaka mwanangu nyeupe kwa sababu sioni?"

"Ndiyo! Mwambie hivyohivyo!"

"Na atakapokuja atafanya nini ambacho mimi sijui kukifanya? Mimi ndiye niliyeipaka. Najua ilipakwaje." Tayari alikuwa amesimama, anapapasa rafu, anafungua chupa na kuzinusa. "Akikaa huko chini, kesho rangi itakuwa imekauka zaidi. Keshokutwa zaidi. Wifi, siwezi kulala nyumba moja naye akiwa huko chini."

Ningemnyang'anya chupa. Nilikuwa na nguvu za kumnyang'anya. Lakini na mimi nilitaka, huo ndio ukweli, na mimi nilitaka uso utokee sasa hivi, na niliamini mikono ile kwa sababu sikuwahi kuiona ikiharibu kitu. Nilimchovyea pamba mwenyewe, nikamwekea mkono wake mahali panapostahili.

Alizungusha pamba kwa duara ndogo. Weupe ukalainika mara moja. Pamba ikageuka kijivu. Kisha ikageuka kahawia.

"Inatoka?" aliuliza.

"Inatoka."

"Badilisha pamba."

Nikabadilisha. Nayo ikatoka kahawia, kahawia nzuri yenye joto, ile aliyoichanganya Mzee Rangi kwa muda mrefu huku Kibibi akimuuliza kama hana kazi nyingine. Kilichobaki mezani kilikuwa kivuli cha kichwa, kisha doa, kisha hata doa likafunguka katikati.

"Niambie unachokiona."

"Naona bega," nilisema.

"Uso?"

"Unakuja. Unakuja polepole, wifi. Acha sasa, pumzika, tumpe nafasi akauke."

Aliweka pamba chini. Akaufuta mkono wake kwenye gauni, akaupeleka juu ya kanvasi, na kidole chake cha shahada kikatua palepale ambapo uso ulikuwa. Kikasogea kwa upana, kisha kwa urefu.

"Huu ni uzi mtupu," alisema.

Nilisema "samahani", neno la mtu aliyekukanyaga sokoni.

Nilitegemea apige kelele, avunje fremu, anilaani. Ningepokea yote. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Basi niambie wewe," alisema. "Mimi kila nikimkumbuka ninaikumbuka picha. Wewe ulimwona kwa macho yako. Alikuwaje?"

"Alikuwa mzuri."

"Hilo najua. Alikuwaje?"

"Alikuwa na macho makubwa."

"Watoto wote wana macho makubwa, wifi."

"Alikuwa na kovu. Pale alipoanguka kibarazani."

"Ndiyo," alisema, na akainuka kidogo kwenye kiti. "Ndiyo, kovu. Juu ya nyusi. Nyusi ipi?"

Nilifumba macho nitafute. Nilimwona amesimama mlangoni, mikono kiunoni, katika lile gauni jekundu, nikamwita kimoyomoyo ageuke vizuri nimwone. Hakugeuka. Nilipofumbua, wifi yangu alikuwa bado anasubiri, uso wake umeelekea mahali alipodhani nimekaa.